Kufungua nyua na bustani za wasanii kwa wageni hapa Amu (Lamu): mnapangaje?

BintiMkomani

Asalaam aleykum nyote. Kuna wasanii wanne, watatu wa mtaa wa Mkomani na mmoja wa mtaa wa Langoni, wanaotaka kufungua nyua za nyumba zao kwa wageni msimu huu wa kaskazi, asubuhi mbili kwa mwezi. Mmoja ni mchoraji, mmoja mchongaji wa milango, wa tatu mfinyanzi, na wa nne huunda sanamu kwa vyuma chakavu na mbao za majahazi yaliyovunjwa. Wote hufanyia kazi uani, na kila ua una bustani yake: asmini, rehani, mikomamanga, waridi kidogo, vyungu vya mishubiri. Mmoja ana birika la zamani, lile hodhi la maji la uani, ambalo angependa lionekane.

Masharti yao ni matatu. Mgeni haingii vyumbani, kazi haisimami kwa sababu ya wageni, na watu wa nyumbani hawapigwi picha. Ua mkubwa kuliko zote ni mita 8 kwa 6, na vichochoro vya kufikia huko mwavijua wenyewe: mtu akipita, punda angoja.

Nataka kujua tuingize watu wangapi kwa mara moja na saa ngapi. Kiingilio kiwepo au la? Maji ya visima yana chumvi na mlimau wa mchoraji umeanza kuungua ncha za majani. Utapona kabla ya wageni? Na kazi zinazokaa nje zitunzwe vipi? Naomba majibu ya wanaojua, si "inshallah itakuwa sawa".

Nahodha_wa_Zamu

Wa aleykum salaam dada. Pima ua mdogo kuliko zote, huo mkubwa uache, kwa kuwa kundi ni lile lile litakalozunguka nyumba zote nne. Toa eneo la miti, vyungu, kisima, meza ya kazi, na nafasi ya msanii kugeuka na patasi yake bila kumgusa mtu. Mara nyingi hubaki nusu ya ua. Kisha mpe kila mtu mzima mita 2 za mraba. Ua wa mita 6 kwa 5 ni mita za mraba 30, nusu yake 15, basi ni wageni 7, na kiongozi wao asimame mlangoni. Ule wa 8 kwa 6 ungebeba 12, lakini usishawishike. Watu wakibanana huanza kurudi kinyumenyume ili wapate picha, na arudiye kinyumenyume haoni mche wala chungu.

Kwa kuwa nyumba ni nne, fanyeni makundi manne. Kila kundi lianzie nyumba yake na yote yazunguke upande mmoja. Dakika 30 uani, dakika 10 njiani. Mkianza saa tatu kamili, mabadilishano ni saa tatu na dakika 40, saa nne na dakika 20, na saa tano kamili. Saa tano na nusu mmemaliza, na adhuhuri bado iko mbali. Ni wageni 28 kwa asubuhi moja, kila mmoja ameona nyua nne, na hakuna makundi mawili yaliyokutana kichochoroni. Hiyo safari ya Langoni ipimeni kwa mwendo wa mtu mzima mwenye goti bovu, msiipime kwa mwendo wa kijana wa gatini. Ikizidi dakika 10, ongezeni muda wa njiani kwa makundi yote, hata yale ya karibu, la sivyo mzunguko utapasuka.

Kinachoharibu mpango huu kuliko chochote ni mauzo. Mgeni mmoja akipenda sahani, kundi zima linangoja bei ipatanwe, ifungwe karatasi, apige M-Pesa mara mbili mtandao ukikataa, na nyuma yao kundi jingine limesimama juani. Uani pasiuzwe kitu. Kila kazi iwe na kikaratasi chenye namba; anayeitaka anachukua kikaratasi, na malipo yanafanyika mwisho wa mzunguko mahali pamoja, kwenye baraza yenye nafasi.

Mikoba ya mgongoni iachwe pale pa kuanzia au ivaliwe kifuani. Mwenye mkoba akigeuka, nusu mita ya nyuma yake si mali yake tena.

Msiweke Ijumaa. Miaka hii Ramadhani yenyewe inaangukia ndani ya kaskazi, kwa hiyo fungueni kalenda kabla ya kutangaza. Kwa wageni wanaolala kijiji cha Shela, angalieni na maji: siku za bamvu, yaani za maji makuu, bahari hujaa alfajiri na alasiri, na hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Asubuhi watakuja kwa miguu pwani bila shida. Wakikawia mjini hadi alasiri, njia ya ufukweni inamezwa na itabidi warudi kwa boti. Nao wanaokuja kwa boti maji yakiwa yamekauka washukie ngazi kavu, kwani zile za chini zina ute wa majani ya bahari.

Hata pakubwa watu hubanwa hivi hivi. Kule Giverny, Ufaransa, kwenye bustani ya mchoraji Claude Monet, ile njia pana ya katikati inayopigwa picha kila siku mgeni haipiti, huzungushwa pembeni. Na Jardin Majorelle ya Marrakech, bustani ya mchoraji Jacques Majorelle, huuza tiketi zenye saa maalumu. Mkichapisha tangazo, andikeni saa ya kuingia kwa kila jina. "Asubuhi" peke yake ni kuita umati wa saa nne.

MamaRehani

Mwanangu BintiMkomani, tazama huo mlimau kwa makini kabla hujaumwagia chochote, maana kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa mbali. Kama kingo na ncha za majani ya zamani ndizo zimegeuka kahawia na kukauka, hiyo ni chumvi. Kama majani mapya yametoka manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, hiyo ni chokaa: udongo wa nyua za Amu umejaa vumbi la matumbawe na lipu za kale, na chokaa huifunga chuma ya udongoni mizizi isiipate. Kuna watu hutupia misumari ya kutu na unga wa salfeti ya chuma. Kwenye udongo wa chokaa hiyo chuma hufungwa tena kabla haijafika mizizini. Inayofaa ni ile mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA kwenye pakiti, ichanganywe na maji kama pakiti inavyosema na imwagwe udongoni jioni, kwa sababu jua huiharibu.

Kwa maelezo yako ni chumvi. Tafuteni mtu mwenye kipimo cha chumvi ya maji. Kikizidi milisimensi 1 kwa sentimita, mlimau na mndimu huanza kudhoofika. Mkomamanga huvumilia zaidi, na mtende huvumilia zaidi ya mara mbili ya hapo. Asmini na waridi wako upande wa mlimau.

Kosa linalozidisha ni kumwagia kidogo kidogo. Ndoo ya lita 10 kila siku hulowesha sentimita chache za juu. Jua linanyonya maji, chumvi inabaki palepale mizizi ilipo, kesho inaongezwa nyingine. Mwagieni kwa wingi na kwa nafasi: mlimau huo lita 60 hadi 80 kwa mara moja, polepole, kuzunguka eneo lote lililo chini ya matawi, kisha muache mpaka udongo ukauke kwa kina cha kidole. Maji yasiguse majani, kwani tone likikauka juu ya jani huacha chumvi yake hapo. Ile mara ya kwanza ya kuosha udongo itumieni maji ya mvua au ya kununua. Vyungu ni rahisi: mimina maji mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu hadi yatoke chini, na yakitoka yamwagwe, yakibaki kwenye kisahani mmea utayanywa tena na chumvi yake.

Majani yaliyoungua hayarudi kijani, hata mfanye nini. Kinachotazamwa ni majani mapya, nayo huchukua wiki sita hadi nane kusimama vizuri. Msimwage mbolea yoyote ya dukani katika muda huo, nayo ni chumvi kwa namna yake.

Juu ya udongo tandazeni matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja. Lakini hapa Amu pana mtego: makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yameloa maji ya bahari. Mkiyatandaza hayo mmeupelekea mlimau bahari nzima. Tumieni makumbi makavu ya shambani, au yaosheni kwa maji baridi mpaka maji yasiwe na ladha.

Samadi ya punda haikosekani mjini, tena bure, ila mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za majani yote aliyokula punda. Rundo liwe na mita moja kila upande, likae shambani na si uani, liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ligeuzwe kila wiki kwa mwezi wa kwanza na liachwe hadi mwezi wa tatu. Rundo dogo halipati joto la kuua mbegu. Kwa vyungu changanyeni kipimo kimoja samadi iliyoiva, kimoja udongo mwekundu, kimoja mchanga uliooshwa. Mchanga wa ufukweni hata mkiuosha chumvi, chokaa ya makombe inabaki.

Kuhusu maji ya baadaye: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 50 za mraba mvua ya milimita 20 ikinyesha ni lita 1,000. Toeni humo moja ya tano inayopotea, mnabaki na 800. Lita 50 za mwanzo zimwageni, ndizo zinazobeba vumbi na uchafu wa ndege. Kaskazi haina mvua ya maana, kwa hiyo tangi lijazwe vuli au lisubiri masika.

Jambo jingine ni harufu. Asmini hufunguka kuanzia magharibi. Mgeni wa saa tatu asubuhi ataona vijiua vilivyokwisha kudondoka na ataondoka akidhani asmini haina lolote. Mkibaki na asubuhi, pandeni rehani ukingoni mwa njia ambapo nguo za wapitaji zitaigusa, nayo itajisemea. Vikonyo vya rehani hutoa mizizi kwa takriban wiki mbili vikiwekwa kwenye glasi ya maji, kwa hiyo anzeni mapema. Asmini ya kuwaonyesha ifungeni kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, tangu jioni ya jana yake, mkiweka na langilangi na kipande cha mkadi, ikae kwenye kitambaa kibichi. Wageni wengi hawajapata kuona kikuba kikifungwa, na ni bustani nzima kiganjani.

Ondoeni njiani mnyaa wowote, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Waridi la jangwani nalo utomvu wake ni sumu, na mbegu za mbono zinavutia watoto kwa madoadoa yake na zinaua.

Daka_la_Shela

Niongeze la heshima ya nyumba, kwa sababu hapo ndipo mambo haya hufa, wala si kwenye mlimau.

Nyumba ya Amu imejengwa ili mgeni akomee dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, na mlango hauelekeani na ua hata ukiwa wazi. Sasa mnamvusha. Basi njia yake kutoka dakani hadi uani ifungwe kwa pazia pande zote mbili, nguo nzito isiyopeperuka, na milango ya vyumba iwe imefungwa kwa komeo, si kurudishiwa tu. Mgeni akikuta mlango umerudishiwa huusukuma, si kwa ubaya, ila kwa sababu ameambiwa "karibu". Kiongozi apige hodi kwanza, angoje aitikiwe, ndipo kundi lifuate. Wenye nyumba wapate dakika ya kujiweka.

Paa ni marufuku. Mtu akiona ngazi atauliza kama juu kuna mandhari. Ipo, na sehemu yake kubwa ni nyua za majirani, ambao hawakukubali chochote. Wekeni mtungi au ubao kwenye ngazi ya kwanza. Waambieni majirani tarehe wiki moja kabla, nyumba kwa nyumba, wala msiegemee tangazo la ukutani. Droni pia zikatazwe kwenye karatasi ya mwaliko. Kurusha bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni kosa la kisheria, lakini hata mwenye idhini asiirushe juu ya nyua za watu.

Picha: "msipige picha watu" huwa halisikiki likisemwa mara moja mlangoni. Dakika 5 za mwisho za kila ua ziwe za picha, na kabla ya hapo simu zote zikae mfukoni. Mgeni akijua atapata muda wake hutulia. Msanii aamue ni kazi zipi zisizopigwa, hasa ambazo hazijakamilika.

Choo kisiwe cha nyumba yoyote kati ya hizo nne. Panga na hoteli au mkahawa ulio karibu na pa kuanzia, na mseme kabla ya kuondoka kwamba hakuna kingine kwa muda wa saa mbili na nusu.

Viatu: kama ua ni wa kutembelewa na viatu, sawa, kama pana mikeka, wekeni kikapu dakani. Sakafu ya chokaa iliyomwagiwa maji asubuhi huteleza kama sabuni, kwa hiyo bustani imwagiliwe jioni ya kuamkia siku hiyo. Mdomo wa kisima ufunikwe kwa wavu wa nondo ambao nafasi zake hazifiki sentimita 10, ufungwe kwa kufuli. Mfuniko wa mbao usiofungwa ni hatari kuliko kisima kilicho wazi, kwa kuwa mtoto huukalia.

Birika lionyesheni, mna haki ya kujivuna nalo. Samaki wadogo waliowekwa humo zamani walikuwa na kazi ya kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure lililojengewa chini liliwabakishia maji birika lilipomwagwa. Likiwa na maji bila samaki, mbu watawauma wageni na majirani. Visahani vya chini ya vyungu navyo vimwagwe kila wiki bila kukosa. Mbu wa homa ya dengi hutoka yai hadi kuruka kwa muda wa siku saba hadi kumi, na kisahani kinamtosha.

BintiMkomani

Shukran sana, hasa la paa, halikuwa limetupitia akilini. Bi MamaRehani, tumeangalia: ni majani ya zamani, ncha na kingo. Na makumbi ni yale ya pwani kweli. Tunayaondoa leo.

Sanamu za chuma bado. Mwenyewe anataka kutu ionekane, ila sakafu imeanza kuwa na madoa, na mbili zinatikisika upepo ukivuma. Na mchoraji anataka kutundika picha nje.

Chuma_na_Chumvi

Kutu ya hewa ya bahari haitulii. Mahali pakavu tabaka la kwanza hukinga kidogo lililo chini yake. Hapa chumvi huvuta unyevu kila usiku na chuma huendelea kuliwa. Kama anaipenda rangi hiyo, aoshe sanamu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, aikaushe kabisa juani, kisha apake nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwa moto mdogo, nyembamba, aisugue kwa kitambaa. Arudie kila mwezi msimu wa upepo. Asiyetaka kutu akwangue hadi chuma king'ae, apake rangi ya msingi yenye zinki siku hiyo hiyo, kabla ya usiku kuingia, halafu rangi ya juu mara mbili. Ukiacha chuma iliyokwanguliwa ilale usiku mmoja nje, umepaka rangi juu ya chumvi, na itavimba na kubanduka ndani ya miezi michache.

Madoa ya sakafu: doa la kutu likishazama kwenye chokaa halitoki. Na msijaribu tindikali, itakula sakafu yenyewe. Inueni sanamu kwa vipande vitatu vya jiwe, sentimita 3 au 4 juu, na chini yake muweke sinia la changarawe la kupokea maji. Misumari na skrubu za kuunganisha ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. La 304 hupata vidoa hapa. Msiunganishe shaba na chuma moja kwa moja, kwani palipo na chumvi chuma ndiyo itakayoliwa upesi pale pale zinapogusana. Wekeni kipande cha mpira katikati.

Kutikisika kusifanyiwe mzaha. Kitu chochote ambacho urefu wake umepita mara tatu ya upana wa kitako kifungwe, ama kwa boliti sakafuni ama kwa waya ukutani, kwa sababu mgeni atakiegemea hata kama upepo haukukiangusha. Kabla ya kutoboa ukuta wa matumbawe kwenye nyumba ya zamani, muulizeni mwenye nyumba na ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 na kuta si za kuchezewa. Lipu mkirudishia, iwe ya chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake na kipande kizima hudondoka.

Kama ana nia ya kuunda sanamu za saruji baadaye, nondo ikae ndani kwa sentimita 4 au 5 kutoka juu, na mchanga wala maji ya bahari yasitumike, maana chumvi hufikia nondo, kutu huivimbisha, saruji hupasuka. Watu huona picha za Owl House ya Helen Martins kule Nieu-Bethesda, Afrika Kusini, ua mzima wa sanamu za saruji na vioo vilivyosagwa, wakataka kuiga. Kule Karoo, uliko mji huo, ni nchi kavu, si kama hapa. Bustani iliyo karibu zaidi na hali yetu ni ya mchongaji sanamu Barbara Hepworth mjini St Ives, Uingereza, mji wa bahari: alifariki 1975, ikafunguliwa kwa watu 1976, na sanamu za shaba nyeusi (bronzi) zimebaki alipoziweka mwenyewe, kati ya miti. Shaba nyeusi huvumilia. Hubadilika rangi tu.

Mbao za majahazi na milango: mafuta ya kitani, mpako mwembamba, na yanayobaki juu yafutwe baada ya dakika 20, la sivyo hunata na kushika vumbi. Sasa sikilizeni vizuri. Kitambaa kilichofutia mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto chenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Kitandazwe kikauke wazi mahali pasipo kitu cha kushika moto, au kizamishwe kwenye ndoo ya maji. Mjini penye makuti hili si la kusahau.

Mchoraji atundike kwenye ukuta wa kusini wa ua, ule ambao uso wake unaelekea kaskazini. Kuanzia Novemba hadi Februari jua la mchana linapita kusini mwetu, na ukuta huo hubaki kivulini. Kitu cha karatasi kisitundikwe nje hata hapo, kwani unyevu wa usiku hukikunja. Turubai zitolewe saa mbili na nusu na zirudishwe saa sita, zisilale nje.

Mswahili_wa_Malindi

Kiingilio kiwepo. Watu huona haya kutoza mlango wa nyumbani, lakini bustani hula pesa. Majorelle mwenyewe alifungua yake kwa umma 1947 kwa sababu gharama zilimwelemea, na ilikuja kununuliwa na mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent na mwenzake Pierre Bergé 1980. Waingereza nao walipoanza mpango wao wa kufungua bustani za nyumbani 1927, kiingilio kilikuwa shilingi moja kwa kila mtu, pesa ikienda kwa wauguzi wanaowazungukia wagonjwa majumbani. Mwaka huo wa kwanza bustani 609 zilishiriki. Kilichowavuta watu ni kujua shilingi yao inakwenda wapi. Andikeni hivyo kwenye tiketi: sehemu fulani maji na miche, sehemu fulani msanii, sehemu fulani madrasa au zahanati, mtakavyokubaliana.

Mfano wa hesabu: wageni 28 kwa shilingi 500 ni 14,000. Kila nyumba 2,500, hiyo ni 10,000. Viongozi wanne 700 kila mmoja, 2,800. Inabaki 1,200 ya kahawa, kaimati na kuchapisha. Hailipi sana, na ndiyo maana mauzo ya kazi yanahitajika. Lakini la cha juu mlimalize kabla. Kiongozi akiahidiwa asilimia kwa kila kinachonunuliwa, ataharakisha kundi kwenye ua wa vitu vya bei ndogo na kulikalisha kwenye ua wa bei kubwa, na ratiba ya Nahodha itavunjika siku ya kwanza. Alipwe kwa zamu. Awe na leseni ya kuongoza watalii, na ninyi muulize kaunti kuhusu leseni ya biashara kabla ya kuchapisha tangazo. Wakazi wapeni asubuhi yao kwa 100 au bure. Majirani wasioruhusiwa kuona kinachowapitia mlangoni huchoka nacho upesi.

Huku Malindi tuna nyua pana, unaweza kuingiza 20, ila tatizo linahamia nje: tuktuk kumi zikingoja kwenye njia ya mchanga zinazima kila kitu. Ninyi mna raha ya kutokuwa na magari.

Kahawa itolewe mwisho, pale pa malipo, na si uani. Pale Elsamere, Naivasha, nyumba ya Joy Adamson aliyechora mimea na watu wa Kenya, wageni hunywa chai kwenye nyasi za bustani na ni sehemu ya ziara. Lakini pale pana ekari. Uani kwenu kikombe kimoja kikiwekwa juu ya benchi la mchongaji, kazi imesimama.

BintiMkomani

Allah awalipe. La mwisho: paka. Kila tukipanda miche ya rehani wanafukua.

MamaRehani

Paka wa Amu hata tangazo mkiweka hawasomi, mwanangu. Lazeni wavu wa kuku juu ya udongo, tundu za sentimita 2 hadi 3, muufunike kwa mchanga kidogo, miche ipite kwenye matundu. Hawapendi kukanyaga waya wala hawawezi kufukua. Na muwaachie kona moja ya mchanga mkavu nyuma ya kisima, la sivyo watahamia kwenye udongo wa mfinyanzi.

Nahodha_wa_Zamu

Mfanye na jaribio moja na jamaa zenu, saa zile zile, kwa makundi yote manne kwa pamoja. Kundi moja peke yake halionyeshi kitu. Na mkubaliane sasa: kundi likichelewa zaidi ya dakika 10 linaruka nyumba inayofuata na kwenda kwenye zamu yake. Nyumba hiyo watairudia saa tano na nusu kama mwenyewe yuko radhi. Mtu mmoja zaidi ya wale viongozi wanne awe na orodha yote na simu yenye chaji, asiongoze kundi lolote, kazi yake ni saa tu.